King'ora cha Saa Sita na Mkono wa Kuroki

Saa sita kasoro dakika moja mchana. Kuroki Shigemi anasimama mbele ya swichi ya mtambo wa joto katika kiwanda cha mchuzi wa soya, mjini Miyazaki, Japani, na kutumbukiza mikono yote miwili mifukoni. King'ora cha mji kinalia. Wenzake wanavua glavu na kwenda kula, yeye habanduki.

"Mkono huu siuamini tena," anasema.

Hatanii. Kwa miaka 31 Kuroki, mwenye umri wa miaka 58, alipika soya kwa boila ya mafuta, na king'ora kikilia alizima moto, akanawa, akala. Mji mzima hufanya hivyo.

Mwaka jana bei ya mafuta ilipopaa, mwenye kiwanda, Bi Hidaka Nobuko, alikodi mtambo unaopasha matofali kwa umeme. Joto hukaa humo hadi alfajiri, kisha hutoa mvuke wa kupikia. Faida yote iko kwenye saa: mchana, umeme wa jua unapofurika, uniti moja ni yeni 12, jioni ni yeni 31. Kwa hiyo matofali hupashwa kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, bila kukatizwa.

Siku ya tatu, king'ora kilipolia, Kuroki alizima.

"Wala sikujua kama nimezima," anasimulia. "Nilikula matonge yangu ya wali, nikarudi kuosha masufuria, roho kwatu."

Alfajiri mvuke ulikatika njiani. Tani mbili na nusu za soya zilibaki nusu mbichi, zikaishia kwa wafugaji wa nguruwe.

Obata Chizuru, msimamizi wa chumba cha kuchachushia, hamwachi apumue.

"Shige-san, nguruwe wanakusalimia! Wanauliza utakula lini tena mapema."

"Waambie nimefunga."

Siku yenyewe hakucheka mtu. Mwenzake mmoja alimshauri asingizie mawingu. Kuroki alikataa, akaenda kwa bosi na kuinamisha kichwa.

"Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze," anasema. "Lakini ningesingizia mawingu, bosi angeona jua ndilo halitegemeki. Kumbe asiyetegemeka ni mimi."

Bi Hidaka hakumfukuza, ila hafichi hesabu zake. "Mafuta yalikuwa yanatugharimu yeni 41,000 kwa siku," anasema. "Mtambo huu, pamoja na kodi yake, ukishuka chini ya hapo kufikia mwisho wa Machi, unabaki. Usiposhuka, nafunga chumba cha kupikia, nanunua soya iliyokwishapikwa. Sina namna."

Chumba hicho kina watu watano, Kuroki akiwemo. Hadi wiki hii, wastani wa siku tangu mtambo uanze ni yeni 41,300, hasara ya zile soya ikiwa ndani yake. Imebaki miezi mitatu.

"Bila mkono wangu tungeshavuka," anasema, na safari hii hatazami mtu.

Anastaafu baada ya miaka miwili. Hataki sherehe wala zawadi. "Nataka nimkabidhi mwenzangu ufunguo wa chumba hiki kikiwa bado kinatoa mvuke. Basi."

Saa nane juu ya alama. Anatoa mkono mfukoni, anazima, anaisoma swichi mara mbili. Halafu anaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kufungua chakula chake, ambacho kimeshapoa.