Chekeche Usoni

Juzi, pale kwenye mitumba ya Kashaulili, muuzaji alinyanyua koti jeupe zito lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja, pamoja na kofia ya waya inayofunika uso mzima. "Dada, chukua, hii ni ya kurina asali," akasema. Nilikuwa na kaka yangu. Sote tulijua si ya nyuki. Tumewaona wanaovaa hivyo kwenye simu za watoto wetu, wakicheza mchezo wa vitara vyembamba. Damu ikanichemka. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungedhani nimegombana na muuzaji wa watu.

Tulikulia Mamba, kwa bibi. Mpunga ukianza kushika maziwa, watoto tulishinda shambani kuamia ndege, na ndege wakitulia tulipigana kwa fimbo za matete. Lakini hukuingia mchezoni mpaka bibi akuvike. Alichagua nguo kama anayechagua mbegu. Kiroba cha nailoni alikikataa, kinapasuka. Shati pana alilikataa, fimbo inanasa kwenye mikono. Alitaka gunia la katani lililokunjwa mara mbili, juu yake koti kuukuu la babu, kisha anakudunga kifuani kwa mwiko. Ukiguna, unaongezwa gunia. Tulinuka katani na jasho, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikitutoa udenda. Mwisho kabisa, hapana, mwanzo kabisa, alikufunga usoni chekeche lake la waya kwa kipande cha kanga. "Nguo nitashona," alisema, "jicho sishoni."

Kisha mwalimu wetu wa shule akatuona. Akaupenda mchezo, akataka tuucheze siku ya mahafali. Kaka, aliyekuwa hodari kupita wote, akasimama uwanjani na magunia yake na chekeche usoni. Wageni wakacheka. Mwalimu akaja mbio, akaifungua ile kanga. "Wageni wanataka kuona sura, siyo vyombo vya jikoni!" Mchezo haukufika mbali. Ncha ya tete la mtoto wa jirani ikamwingia kaka jichoni. Magunia hayakuwa na hata mkwaruzo.

Mwalimu alisema ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Mpaka leo nikisikia maneno hayo natamani kumzaba mtu kofi. Bibi alitembea mpaka shuleni na chekeche mkononi, akalitua mezani kwake. "Nyie ndio mmesoma. Haya niambie, sura ya mjukuu wangu wageni wameiona vizuri?" Mwalimu akatazama dirishani. Chekeche bibi aliliacha palepale, na msimu mzima tukala ugali wenye pumba.

Siku hizi watoto wa Mamba hawapigani tena kwa matete. Bibi hayupo. Mwalimu alistaafu kwa sherehe na zawadi, na sijamsamehe, wala sitaki mtu aniambie nimsamehe.

Pale mitumbani kaka aliichukua ile kofia, akaudunga waya kwa kidole, akaudunga tena, kama bibi na mwiko wake. Akaivaa. Kweli, sura haikuonekana. Nilimtazama nisijue jicho lipi lipo na lipi halipo, nikamwona kaka yangu wa shambani, mzima.

"Inakutosha, braza?" muuzaji akauliza.

Kaka akaivua taratibu, akamrudishia. "Inanitosha," akasema. "Ila imechelewa."