Uyarak na Mashine ya Hewa ya Mama Yake

Kwetu huku kaskazini kwenye barafu hakuna anayebisha hodi. Ukisikia mlango unagongwa, ujue ni polisi, au ni mgeni kutoka kusini ambaye bado hajatuzoea. Uyarak aliingia kama sote tunavyoingia. Alikung'uta theluji kwenye kibaraza cha ndani, akavua viatu, akajimiminia chai, ndipo akauliza swali lake la siku zote.

"Mama yuko wapi?"

Mama mwenyewe alikuwa chali juu ya godoro, na meno yake mawili, akinyonya kidole cha mguu.

Huyo ni binti yangu Qaunaq. Uyarak ni mtoto wa mama mkubwa wa mume wangu Saila, na huyo mama mkubwa ndiye aliyekuwa Qaunaq wa kwanza. Alifariki kwa maradhi ya kifua wakati jua limetupa mgongo, ile miezi ya giza ambayo halichomozi kabisa, na jua liliporudi mimi nikajifungua. Kitovu cha mtoto hakijadondoka, mama mkwe wangu Elisapi akampa jina la marehemu dada yake. Na jina kwetu haliji peke yake, linakuja na ukoo mzima. Kwa hiyo kile kitoto ni mama wa Uyarak. Ni dada mkubwa wa mama mkwe wangu. Mume wangu akimbadilisha nepi anamwita mama mkubwa, kwa adabu zote.

"Na mimi je?" nilimuuliza Uyarak siku ya kwanza alipokuja kumpakata. "Nimemzaa mama yako. Hebu niamkie vizuri."

"Shikamoo, bibi," akasema bila kucheka. "Niongezee sukari."

Ndivyo alivyo shemeji yangu. Ana maneno machache, na nusu yake ni utani. Ukimuuliza jambo la maana anainua nyusi tu, ambayo kwetu ndiyo "ndiyo", au anakunja pua, ambayo ni "hapana". Miaka mingi alikuwa dereva wa gari la maji, anajaza matangi ya nyumba za watu kwenye baridi ya kukatika masikio, na sikumbuki kumsikia akilalamika. Kisha mama yake alianza kukohoa. Ndege ya wagonjwa ilimpeleka hospitali ya kusini, Uyarak akabaki kusubiri ndege ya abiria. Dhoruba ikafunga anga. Ilipofunguka, alikwenda kuchukua mwili.

Baada ya msiba aliacha gari la maji. Ofisi ya nyumba ilikuwa inatafuta mtu wa kwenda kujifunza kufunga mashine za hewa, na vijana wote waliikataa kazi hiyo, maana ni kazi ya kulala chali kwenye dari na vumbi linakuingia machoni. Yeye akaenda. Aliporudi nilimuuliza kusini kukoje. Akasema miti inaziba macho, huoni kitu kinachokujia. Hayo tu.

Sasa nirudi kwa binti yangu, maana yeye ndiye habari yenyewe.

Nyumba zetu ni za ofisi, ndogo, zimefungwa kila upande ili joto lisitoroke. Ndani tulikuwa tisa. Birika haliondoki jikoni, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, mama mkwe anakwangua ngozi za sili, wale wanyama wa baharini tunaowawinda, sakafuni, na pumzi zetu sote zimo humo humo. Vioo vilitoka jasho mpaka maji yakatiririka ukutani, na pembeni mwa kitanda ukungu mweusi ukaota. Nilikuwa naufuta asubuhi, jioni umerudi kama mwenye nyumba. Kabla Qaunaq hajaota jino alikuwa ameshapelekwa kusini mara mbili, kifua kinapiga filimbi, mimi nimemshika kwenye ndege na roho iko juu. Mara ya pili muuguzi wa zahanati yetu aliniambia wazi. "Miali, huyu mtoto mapafu yake hayatavumilia mara nyingi. Nyumba yenu haipumui."

Nilitoka pale nikalia njia nzima, na machozi kwetu wakati ule wa mwaka yanaganda kabla hayajafika kidevuni.

Uyarak alipoletewa mashine za mwaka ule, nyumba yetu haikuwa ya kwanza kwenye orodha. Sijui aliongea nini ofisini, yeye asiyeongea. Nilichoona ni kwamba siku moja aliingia na boksi la bati kubwa kama sanduku la nguo, mabomba begani, akauliza mama yuko wapi, akambusu, akaanza kutoboa ukuta wangu.

Mama mkwe alivuta kiti akakaa chini ya ngazi yake. Elisapi ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini humu ndani hakuna anayempita kwa sauti. Ana msemo wake mmoja ambao ametulea nao wote, wana na wakwe: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukichelewa kuleta maji, guu. Ukimpinga kwenye karata, guu.

"Hii inafanya nini?" akauliza.

"Inatoa hewa iliyochoka, mama mdogo. Inaleta mpya."

"Mlango haufanyi hivyo?"

"Mlango unatoa na joto. Hii, hewa inayotoka inavuliwa joto lake humu boksini, inavikwa ile inayoingia. Zinapishana tu, hazichanganyiki."

"Kama kupokezana koti."

"Kama kupokezana koti."

Mama mkwe akafikiri. "Zamani kwenye nyumba ya theluji tulikuwa tunatoboa tundu juu. Dada yangu halali mpaka alitazame. Mimi nasikia baridi, naliziba. Yeye anazibua. Naziba, anazibua. Siku moja alinizaba kofi."

"Akafanya vizuri," Uyarak akasema huku ana skrubu mdomoni.

"Wewe! Nitakuangusha na ngazi yako."

Alifanya kazi ile kama anayejenga kwake. Tundu la nje aliliweka upande ambao upepo hauupigi, juu kabisa, theluji ikirundikana isilifikie. Boksi likawa linaunguruma ukutani, akaomba vipande vya ngozi nene ya sili kwa mama mkwe, akavikunja katikati ya bati na mbao, likanyamaza. Siku ya pili akaiwasha. Ilipofika jioni vioo vilikuwa vimekauka. Niliweka kiganja kwenye kioo, nikakiweka tena, Saila akaniuliza kama nimepatwa na kitu.

Lakini tundu moja la kuingiza hewa mpya lilikuwa ukutani juu ya godoro la mama mkwe, kama mchoro wa ofisi ulivyotaka, na Qaunaq analala naye. Hewa ile haikuwa ya kugandisha, ila ilikuwa ya baridi kidogo, na ilimshukia mtoto utosini. Siku chache baadaye nikaona soksi. Soksi nyekundu ya sufu, moja ya zile anazofuma mwenyewe, imesokomezwa kwenye tundu mpaka imebaki ncha tu inaning'inia.

Mkwe hamfundishi mama mkwe kulea. Nilimwambia Saila, na Saila, mwanamume anayemfuata dubu kwa miguu, akasema, "Mwambie wewe." Nikapiga moyo konde, nikaitoa soksi mama mkwe alipokwenda kanisani. Aliporudi aliitazama, akanitazama mimi, akairudisha. Safari hii akaisindikiza na glovu.

"Mama, muuguzi alisema..."

"Muuguzi amezaa wangapi?"

"Hana mtoto."

"Haya basi. Huyu ni dada yangu. Nimuache apigwe na baridi kichwani? Asiyesikia la mkuu, Miali."

Vioo vikaanza tena kutoka jasho. Ukungu ukachungulia pembeni mwa kitanda. Na Qaunaq akaanza tena kile kikohozi kifupi, kikavu, ambacho mimi nakijua hata nikiwa nje na kofia masikioni. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Akasema kesho nimrudishe, na kama filimbi imezidi, ndege itaitwa, na safari hii hatakaa kusini siku chache. Nikarudi nyumbani, nikafungasha nguo zangu na zake kwenye mfuko. Mama mkwe aliniona nikifungasha. Mikono yake ilisimama kwenye ngozi aliyokuwa anakwangua.

Ndipo Uyarak akaingia. Chai. Viatu. "Mama yuko wapi?"

Akauona mfuko. Akamwona mtoto anavyovuta pumzi, mbavu zinaingia. Kisha macho yake yakapanda ukutani, yakatua kwenye ncha nyekundu. Nilimwona akibadilika uso. Nikadhani leo atapiga kelele, na sijui ningefanya nini, maana kijana kumpandishia sauti mama yake mdogo ni jambo ambalo humu ndani halijapata kutokea.

Hakupiga kelele. Alikwenda akamnyanyua Qaunaq, akampakata, akasimama naye chini ya tundu.

"Mama," akamwambia yule mtoto, taratibu, kama mtu anayezungumza na mama yake kweli. "Mdogo wako ameziba tundu tena. Tulizibue?"

Qaunaq akatazama juu. Na mtoto akitazama juu, nyusi hupanda.

"Amesema ndiyo," Uyarak akasema.

"Ametazama juu tu huyo," mama mkwe akasema kutoka sakafuni. "Mtu akitazama juu nyusi zinakwenda wapi? Shuleni ulikwenda kufanya nini?"

"Nimemuuliza mama. Sikukuuliza wewe."

Akamnyanyua juu zaidi. Kitoto kikaona kile chekundu kinachoning'inia, na nani asiyejua mikono ya mtoto wa umri ule. Alikidaka kwa ngumi yake, akavuta. Soksi ikatoka. Glovu ikafuata, ikamwangukia Uyarak begani. Hewa ikashuka, nywele za mwanangu zikatikisika, naye akafumba macho, akafumbua, akacheka huku anakohoa.

Mama mkwe alikuwa amekaa na kisu chake cha kukwangulia, anamtazama mtoto aliyeshika soksi juu ya vichwa vyetu. Nilijua anaona nini. Anaona tundu la nyumba ya theluji, na yeye mwenyewe msichana mdogo, na mkono wa dada yake.

"Daima mkaidi huyu," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tangu utotoni. Haya, dada. Nimesikia."

Mimi ni mtu wa mdomo, sikuweza kujizuia. "Asiyesikia la mkuu, mama?"

"Huvunjika guu," akajibu, akanitupia kipande cha mafuta ya sili kikanipata shavuni, na wote tukacheka mpaka Saila akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Uyarak akampa mtoto kwangu, akakaa sakafuni mbele ya mama yake mdogo. "Na wewe una haki," akamwambia. "Hewa inamshukia kichwani. Kosa ni la mchoro, na mimi niliufuata. Ungeniambia."

"Ungenisikiliza?"

Akainua nyusi.

Jioni ile ile alilihamisha lile tundu. Alilipeleka juu ya mlango wa chumba, upande ambao hakuna anayelala, hewa ikawa inaingia, inazunguka darini, ikifika kitandani imeshapoteza ukali wake. Mama mkwe alilala pale chini kulijaribu, akainua mkono, akautembeza huku na huku, akasema sawa. Soksi akaivaa.

Kesho yake nilimpeleka Qaunaq zahanati na mfuko wangu begani. Muuguzi akasikiliza. Filimbi ilikuwa palepale, haikuzidi. Akasema turudi kesho kutwa. Kesho kutwa ilikuwa imepungua. Wiki iliyofuata ndege ya wagonjwa ilikuja kumchukua mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Niliisikia ikishuka, nikiwa nakanda mkate, na kwa mazoea nikautafuta mfuko kwa macho. Niliisikia ikipaa. Qaunaq alikuwa sakafuni, kwenye kadibodi tunayolia nyama, anatafuna kipande cha samaki aliyeganda kwa meno yake mawili, na uso wake umejaa mafuta. Nilipiga magoti nikasali hapo hapo na unga mikononi. Ndege iliondoka bila sisi.

Giza la mwaka ule lilikwisha na ndege ile hatukuipanda.

Uyarak bado anakuja. Kila baada ya dhoruba anapanda ukutani kwa nje, anafuta theluji kwenye tundu kwa mkono. Mikono hiyo sasa ina glovu za ngozi ya sili zenye mshono ambao hata wajuzi wanauulizia, na mama mkwe akiulizwa anasema hakumbuki aliyezishona. Halafu anaingia, anavua vichujio vya mashine, anaviosha kwenye beseni jikoni kwangu. Wengine kijijini wana soksi kwenye matundu yao, ninajua, na sasa mama mkwe ndiye anayekwenda nyumba hadi nyumba kuzitoa. Hapigi hodi, na hakuna anayethubutu kumuuliza.

Siku jua liliporudi, nilimkuta Uyarak kwenye beseni, anasugua. Qaunaq ameshasimama, amemshika suruali. Nilikuwa nimepanga kumshukuru muda mrefu, na kwetu hatuna mazoea ya kushukuriana ndugu kwa ndugu, inaonekana kama unamlipa mtu. Lakini nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Shemeji, umenipa mtoto wangu."

Akakunja pua. Akakamua kichujio, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kukitazama kama kimetakata. Kioo kilikuwa kikavu, jua jipya linaingia moja kwa moja.

"Mama yangu huyu," akasema. "Mara ya kwanza nilichelewa. Safari hii nimemuwahi."