Nani Adake Ijumaa

Mimi mpira hauwezi kunishangaza, na binadamu ndiyo kabisa. Shule niliishia darasa la nne, sifichi. Lakini nimekaa Doha tangu miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nimeendesha lori la maji. Nimeendesha gari la bwana mmoja aliyenifokea kwa Kiarabu mpaka nikakijua Kiarabu chenyewe. Mwisho nikawa na mabasi madogo manne ya kubeba watu kazini, na humo ndani wamo wenye digrii zao. Digrii wanazo wao, basi ni langu. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Timu niliianzisha mwenyewe. Jezi nilinunua mimi, mipira mimi, maji ya kunywa mimi. Wachezaji walikuwa Watanzania wa bara na visiwani pamoja na Wakenya: walinzi, wapishi wa mahoteli, madereva wa majumbani. Tulicheza kila Ijumaa baada ya alasiri, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya maghala ya Abu Hamour. Upepo ukija, mistari ya chokaa inaondoka nao. Wote waliniita tajiri, kama anavyoitwa mwenye timu kwetu. Wakenya mwanzoni walicheka, baadaye wakazoea.

Kipa wetu wa miaka yote alikuwa rafiki yangu, mtu wa Tanga kama mimi, dereva wa familia moja ya Al Rayyan. Umri ulikuwa umeshamkalia magotini. Harukiruki, lakini hakosei. Halafu akaja dogo. Mkenya, mlinzi wa jengo, mrefu, mikono imening'inia kama ya kuazima. Mechi yake ya kwanza aliokoa penalti, akaamka, akaokoa na mpira uliorudi. Nikampa namba palepale, maana mimi nikiona kitu sihitaji kuambiwa.

Tabu ikaanza hapo. Ijumaa moja anadaka mpaka wapinzani wanakuja kumpa mkono. Ijumaa inayofuata anachoma. Na uchomaji wake ulikuwa wa aina moja tu: anatoka golini mbio kama mtu anayeachwa na basi la kampuni, mpira haumfikii, mshambuliaji anauokota katikati na kuusukuma taratibu kwenye goli tupu. Watu wanashika vichwa. Wiki inayofuata, malaika. Nyingine tena, balaa.

Tulipofika nusu fainali ya kombe letu la mchangani, timu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Alhamisi baada ya magharibi wakajaa sebuleni kwangu. Dogo mwenyewe alikuwa zamu. Nikaagiza karak ya kutosha, kwa sababu mtu mwenye kikombe cha chai ya moto mkononi hawezi kumkaba mwenzake.

Wakenya walisemewa na mshambuliaji wetu, msimamizi wa walinzi, mwili kama kabati.

"Boss, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Huyo kijana ni kipa wa level ingine. Asipoanza kesho, sisi watu wa Rayyan hatupandi basi yako. Na hata Ijumaa ingine hatupandi."

Kwenye mkeka walikaa mabeki wetu wawili wa Unguja, wapishi wa hoteli moja ya Al Sadd. Walikuwa na miezi michache tu Doha, na walikuwa hawaachani, wakikaa wanakaa pamoja, wakinuna wananuna pamoja. Mkubwa wao akaweka kikombe chini.

"Na akianza, sisi tunapanda kwenda wapi? Kumtizama mtu anakimbia goli lake? Yakhe, mie beki. Sikuja kulinda goli lisilo na mtu."

"Nyinyi ndio mnamwacha peke yake."

"Nani kamwacha? Yeye ndiye anatuacha sisi."

Kila mmoja akatoa sababu yake. Huyu anasema ni simu, kijana anazungumza na msichana wa Mombasa mpaka macho yanamvimba. Yule anasema amerogwa na kipa wa timu nyingine. Mmoja akauliza kama hatuwezi kuunda kamati ya ufundi, na sote tulijua ana maana ya kutafuta mganga, nikamwambia anywe chai. Mimi nilikuwa na sababu yangu: chipsi. Dogo alikuwa anakula chipsi kila siku, na mtu anayekula chipsi mwili wake unapanda na kushuka. Nilisema hivyo kwa uhakika, na watu wakatikisa kichwa kukubali.

Ikafika zamu ya rafiki yangu. Walipomgeukia akasema, "Mimi niacheni, mtasema najipigania." Kisha akajipigania. "Kipa wa kuokoa penalti ni mzuri, sikatai. Lakini beki anataka kipa ambaye hahitaji kugeuka nyuma kumwangalia."

Wakenya wakaangalia dirishani. Nilijua wazi kwamba nikimtaja huyu, nusu ya timu inaondoka kesho, na nikimtaja yule akachoma, nusu nyingine inaondoka keshokutwa. Timu yangu niliyoijenga kwa jasho langu ingekufa kwa neno moja nitakalosema, na mezani vikombe vilikuwa vimekauka.

"Dogo anaanza," nikasema.

Waunguja wakanyanyuka pamoja. Hawakuaga.

Lakini mimi si mtu wa kuweka mayai yote kwenye kikapu cha mtoto. Nikamfuata rafiki yangu nje mpaka kwenye gari.

"Kesho njoo na glovu zako."

"Nije kukaa benchi nyuma ya mtoto? Hapana. Halafu Ijumaa nampeleka mama wa nyumba na watoto dukani, unajua."

"Hukai benchi. Kipindi cha pili unaingia, nakuhakikishia mimi. Na nyumbani kwa watu wako nitapeleka dereva wangu, yule bora. Hajawahi kugusa hata ukuta."

Akanitazama. "Unanihakikishia?"

"Neno langu unalijua."

Basi, mambo yakawa hivyo. Aliomba ruhusa kwa mama wa nyumba, dereva wangu akashika gari la familia, na yeye akaja Abu Hamour na begi lake begani. Waunguja nao walikuja, wamenuna pamoja. Wakenya walipoliona lile begi waliacha kunyoosha misuli. Dogo aliliona pia. Alikuwa anavaa glovu, akakosea mkono, akavua, akavaa tena.

Siku zote mimi hutazama mechi nikiwa ndani ya gari, kiyoyozi kimewaka, maana joto nimeshalipa deni lake ujanani. Siku ile nilishindwa kukaa. Nikasimama pembeni ya goli letu, karibu kabisa, mchanga unanipiga miguuni.

Tulicheza na Waghana, watu wa kampuni ya ujenzi, wana kasi. Dogo akaokoa moja kwa kifua, nyingine kwa ncha ya vidole. Wakenya wakaanza kupiga makofi. Nikaona Mwunguja mkubwa naye anakunjua uso kidogo tu, si sana. Halafu mpira mrefu ukaangukia miguuni mwake, mshambuliaji wao yuko mbali. Hakuna hatari. Dogo akapiga kelele, mimi nikaisikia vizuri, na palepale akatoka golini mbio. Mwunguja akampasia mwenzake pembeni. Mwenzake akarudisha. Mghana akaingia katikati yao kama mtu anayepokea salamu, akausukuma kwenye goli tupu.

Rafiki yangu akafungua zipu ya begi.

Mapumziko yalikuwa moto. Watu walizunguka jokofu la maji, Wakenya upande huu, Watanzania upande ule, na mshambuliaji wetu alikuwa ameshavua jezi yangu na kuikunja. Mwunguja mkubwa akamwendea dogo, pua kwa pua, ingawa pua yake ilifika kifuani tu.

"Unatoka golini unakwenda wapi? Nambie. Unakwenda Makka?"

"Nimewaambia peana!" Sauti ya dogo ilikuwa inakatika. "Mara mbili. Peana, peana. Nyinyi mnaanza kuchezeana hapo."

"Si ndiyo tukapeana?"

"Mlipeana nini?"

"Mpira. Nimempa mwenzangu, mwenzangu kanipa mie. Umesema tupeane, tumepeana. Wataka tupeane mara ngapi?"

Dogo akamtazama kama mtu aliyeambiwa jina lake si lake. "Buda, mimi nilisema peana. Peana mpira. Kwangu."

"Kwako? Mtu mmoja anapeana na nani?"

Mshambuliaji wetu alianza kucheka, akaacha katikati. Nadhani ilimwingia wakati uleule iliponiingia mimi. Kwao peana ni kutoa tu: peana pesa, peana mpira, yaani leta hapa. Kwetu, na zaidi kwa mtu wa Unguja, kupeana ni kazi ya watu wawili. Mimi nimeishi na Wakenya miaka, neno hilo nimelisikia kila siku na sikuwahi kukosea, kwa sababu mtu anayekwambia peana anakuwa amenyoosha mkono mbele yako. Uwanjani mkono huo huuoni. Unasikia sauti tu kutoka mgongoni, unafanya kama sikio lako lilivyozoea.

Nikauliza swali moja. Zile Ijumaa alizodaka kama malaika, mabeki walikuwa nani? Wakakumbuka mmoja mmoja. Walikuwa Wakenya wawili, walinzi, ambao zamu zao zilibadilika kila wiki. Wakiwa kazini, kama siku ile, wanaingia Waunguja. Kijana hakuwa akipanda na kushuka. Waliopanda na kushuka ni waliokuwa mbele yake. Hapo nikasema mambo yale niliyaona mapema ila nilitaka wayaone wenyewe, na hakuna aliyebisha.

"Sasa?" Rafiki yangu alikuwa mbele yangu, glovu zote mbili zimekazwa. "Naingia, siingii?"

Pande zote mbili zikanitazama. Mshambuliaji alishika jezi iliyokunjwa, hajaivaa wala hajaitupa.

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Ulinihakikishia."

"Nilikuhakikishia kabla sijajua."

"Mimi nimeacha kazi ya watu nikaja. Sikuja kungoja."

Nikamgeukia dogo. "Kuanzia sasa unasema leta. Nyinyi wawili, mkisikia leta, mpira kwa kipa. Neno jingine lolote msilisikie."

"Nikisahau?" dogo akauliza.

"Ukisahau unatoka, mkubwa wako huyu anaingia."

Rafiki yangu hakuvua glovu. Alikwenda kusimama nyuma ya goli, mikono kiunoni, na kipindi chote cha pili alikuwa pale, kama hukumu inayongoja kusomwa. Mshambuliaji akavaa jezi.

Mpira wa kwanza kwenda nyuma niliuona unatoka na roho yangu. Mwunguja ameupata, Mghana anamjia. Dogo akafungua mdomo. "Pe..." Akajing'ata. "Leta! Leta!" Mpira ukarudi kwake moja kwa moja, akaupiga mpaka ng'ambo. Mwunguja akageuka, akamnyooshea dole gumba. Hakutabasamu, lakini alimnyooshea.

Tukasawazisha, goli la mshambuliaji wetu, kwa kichwa. Sasa kila mpira uliokuja langoni kwetu tulishika pumzi, na dogo akawa anaudaka, anauweka chini, anaudaka mwingine. Karibu na mwisho kiungo wao akaupiga kutoka mbali, mpira ukapinda na kuingia kwenye pembe ya juu kabisa ya goli. Dogo aliruka mpaka akaigonga nguzo kwa bega lake. Filimbi ikalia tumefungwa mbili kwa moja.

Waunguja wakageuka nyuma. Kila mtu akageuka. Nikafikiri, hapa ndipo timu inapoishia.

Rafiki yangu alikuwa ameinama anaokota mpira wavuni. "Hilo hata mimi lingenipita," akasema. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Kisha akamnyanyua dogo kwa mkono, akampangusa mchanga mgongoni.

Basi liliondoka limejaa. Watu wa Rayyan walipanda, wa Al Sadd walipanda, na huko nyuma walikuwa wanamfundisha dogo Kiswahili cha Unguja na yeye anawafundisha Sheng, na kila upande unasema wa mwenzake si lugha. Namba ilibaki yake misimu mitatu, mpaka alipomaliza mkataba na kurudi kwao.

Rafiki yangu alikaa mbele, pembeni yangu, bila kusema na mimi. Glovu zilikuwa mapajani. Simu yangu ikaita. Alikuwa dereva wangu, yule bora.

"Tajiri," akasema, "kuna nguzo hapa chini, kwenye maegesho ya duka."

"Nguzo imefanya nini?"

"Ilikuwa nyuma, tajiri. Na mama wa nyumba alikuwa ananionesha nafasi nyingine."

Rafiki yangu alisikia kila neno. Akafumba macho. "Kazi yangu imekwenda," akasema, "na sikugusa mpira hata mmoja, ila ule wa kuokota wavuni."

Niliwashusha watu, nikaenda naye mpaka mlangoni kwa watu wake. Mama wa nyumba alitoka amekasirika, na ana haki. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha lori la maji kwamba dereva ni wangu, kosa ni langu, huyu mtu wake niliyemchukua mimi hana hatia, na gari litarudi jipya. Alimtazama rafiki yangu, akatazama jezi yake isiyo na hata punje ya mchanga, akasema Jumapili watoto wanakwenda shule kama kawaida na dereva wao huyu ndiye atawapeleka. Rafiki yangu akaanza kupumua. Na akaanza kusema na mimi, ingawa maneno ya kwanza siwezi kuyaandika.

Bampa la nyuma, taa moja, mlango wa nyuma na rangi. Fundi alianzia juu, tukavutana mpaka adhana ya isha, nikalipa taslimu: riyali elfu moja, mia tisa na sabini na tano.