Gugu la Nyuma ya Maktaba

Mtunza bustani wa shule ile aliitwa Mzee Fyekeo, na jina lilimkaa barabara. Kwa miaka kumi na tisa, hakuna jani lililoota bila ruhusa yake likaiona Jumatatu ya pili. Ua alilolipanda mwenyewe alilimwagilia kwa kopo, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Lililojiotea lilikuwa halali yake. Walimu walimtania kwamba hata ndevu zake huzifyeka.

Aliyemtania zaidi ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, lakini muhula huo utani ulipungua. Yalitangazwa mashindano ya uchoraji kwa vijana: chora mmea au mnyama wa asili ya hapa, uliyemwona kwa macho yako, usinakili kitabuni. Mshindi angepelekwa mafunzo ya uchoraji wakati wa likizo, na binti aliyataka mafunzo hayo mpaka chakula kikawa hakipandi. Kila baada ya masomo alijikunyata nyuma ya maktaba na penseli zake. Hakumwonyesha mtu, alitaka kumshtukiza babu.

Jumatano, mwalimu mkuu alisema waamuzi wangefika Ijumaa. Mzee akalinoa fyekeo, akaanzia getini. Nyuma ya maktaba akakuta gugu moja limejibanza ukutani. Alilifyeka, akaling'oa na mzizi wake, akalitia moto pamoja na takataka nyingine, huku akijipongeza.

Saa tisa binti alisimama mbele ya udongo mtupu. Karatasi yake ilikuwa na majani matatu na nusu ya ua. Hakulia. Alimwonyesha babu ile karatasi tu. Alizunguka shule nzima, uzio kwa uzio, akitafuta gugu jingine kama lile. Hakupata hata moja. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri mno.

Alirudi kofia mkononi. "Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Kaa hapa, shika penseli."

"Nichore nini, babu, na umeshalichoma?"

"Chora ninavyokwambia. Hilo nalijua kuliko ninavyokujua wewe."

Na kweli alilijua. Adui wa miaka kumi na tisa nani amsahau? Alimtajia petali tano, moja daima imejikunja. Vinyweleo vyeupe chini ya jani, vinavyowasha vidole. Shina linalogeuka jekundu likikaribia udongo. Kwenye mzizi akasimama kabisa, akaonyesha kwa mikono: unashuka wima, unakutana na jiwe, unalizunguka, unaendelea na safari yake. Binti alichora, akafuta, akachora tena. Mara mbili mzee alisema sivyo. Mara ya tatu alilitazama gugu lake, akajikuta analionea huruma.

Ijumaa, waamuzi walizipita picha za simba na vipepeo, wakasimama kwenye ile yenye mzizi mrefu kuliko shina. Binti akatangazwa mshindi. Mwamuzi mkuu, mama mmoja wa miwani, akaomba aonyeshwe mmea wenyewe. Walimu wakaangua kicheko, macho yote kwa Mzee Fyekeo.

Mzee akakohoa. "Njoo baada ya mvua, mama," alisema. "Nimelikata miaka kumi na tisa, na kila mvua linarudi. Safari hii nitalizungushia uzio mimi mwenyewe."