Dawa ya Bibi na Friji la Ghorofani

Juzi nilikwenda Buzuruga kumnunulia dada yangu friji, na muuzaji akanihakikishia kwamba lile halili umeme. Nikacheka peke yangu, naye akadhani simwamini. Ngoja nikusimulie, rafiki, nilichokuwa nakiwaza.

Miaka ile ya tisini, viwanda vilipokuwa vinauzwa, baba alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tulikaa ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, upande unaotazama ziwa. Mama alikuwa masomoni Tabora, hivyo bibi mzaa mama akatoka Kisesa kuja kututunza.

Baba akaanza kubana umeme. Alitoa balbu zote isipokuwa ya sebuleni na ya jikoni. Jiko la umeme akalifunika gunia, tukapika kwa mkaa barazani. Pasi ilipigwa marufuku. Nguo tulizikunja tukazilaza chini ya godoro. Kila jioni alisimama koridoni akitazama kisahani cha mita kikizunguka, kama mkulima anayemtazama ng'ombe wa jirani akila mahindi yake. Friji pekee halikuzimwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na dawa ya bibi, ile ya sindano ya kisukari.

Kwetu Wasukuma, enzi hizo, mtu hakusema na mama mkwe wake ana kwa ana. Bibi alipika ugali na sato, mimi nikampelekea baba sebuleni. Hata shikamoo ya asubuhi niliibeba mimi, na marahaba nikairudisha.

Siku moja bibi akafukia chungu kidogo kwenye beseni la mchanga wenye maji ili kikae baridi, akahamishia dawa humo, kama nesi wa zahanati ya kwao alivyomfundisha.

"Kamwambie baba yako azime hilo friji," aliniambia. "Dawa yangu imepata mahali."

Sikumwambia. Ndani ya friji nilikuwa nagandisha barafu za ukwaju, nikila na wenzangu ngazini. Nilimjibu bibi kwamba baba amesikia. Yeye akadhani mkwe wake anaona aibu kulizima, asiulize tena. Baba akaendelea kutunza dawa isiyokuwemo.

Wiki chache baadaye akaitwa kwenye usaili wa ukarani, kiwanda cha samaki. Shati lake jeupe lilitoka chini ya godoro na mikunjo kifua kizima. Nilimwomba achomeke pasi, mara hiyo moja tu.

"Umeme ni wa dawa ya bibi yako kwanza," alisema, akaenda hivyo hivyo.

Kazi hakuipata. Alipotuambia, nilisema ukweli wote wa chungu cha bibi. Baba alifungua friji, akazitazama barafu zangu, akachomoa waya. Hakunichapa. Alinituma tu nikampe bibi asante kwa kile chungu, nami nikaipeleka neno kwa neno.

Siku hizi wakwe wanataniana mezani, na desturi ile wamebaki nayo wazee wachache. Siilaumu. Ilichohitaji ni mtoto mkweli tu. Huenda kazi ile baba angeikosa hata kwa shati lililonyooka. Nyumbani hakuna aliyewahi kusema kwamba sababu ilikuwa shati. Ni mimi ninayesema.