Mwenye Ploti Alisema Nje Wataimba

Mlango ya bafu yetu kule mtaa ya Satellite ni mimi niliivunja, na mchi ya kutwanga njugu. Nilipiga mara tatu. Ya tatu kitasa ikatoka na kipande ya mbao.

Kijana yangu, mtoto wangu wa kuzaa, alikuwa amechoka kuchemsha maji na sufuria, akanunua hita ya gesi, zile za kutundikwa kwa ukuta. Fundi akakuja, mtu mwembamba, anaongelea puani kama amefuga nyuki huko ndani. Akasema hiyo kitu inafaa kukaa nje. Mwenye ploti, huyo tunalipa kodi ya nyumba, akakataa. Huyo mzee hawezi taja "b" bila kuichanganya na "m". Akasema, "Ikikaa nje wataimba." Alitaka kusema wataiba. Nikamuuliza wataimba ya kanisa ama ya baa. Watu wakacheka, yeye akanuna, na hita ikawekwa ndani ya bafu.

Basi fundi akatoboa shimo juu kwa ukuta, kubwa kama sahani. Akaniambia mimi, mama mzee, kwa sababu mimi ndio hushinda nyumbani: "Shosho, hii shimo usiwahi ziba. Huo moto unakula hewa yenye mtu anavuta, na sumu yenye unatoa haina harufu." Wiki mzima nilifinya pua nikiiga hayo maneno, majirani wakishika mbavu.

Halafu July ikafika na baridi yake. Ukivua nguo, upepo ya hiyo shimo inakuchapa mgongo kama kiboko. Nikapanda stuli, nikasukuma kipande ya blanketi ndani. Sikuambia mtu.

Jumapili asubuhi bibi ya kijana yangu, huyo msichana ameoa, akaingia kuoga, twende kanisa. Kijana alikuwa ametoka kununua mkate. Huyo msichana akioga lazima aimbe, na mimi nikiwa jikoni lazima nimuige. Yeye mstari, mimi mstari. Siku hiyo alianza vizuri, halafu sauti ikaanza kuburuta kama ya mlevi. Nikaiga hivyo hivyo. Ndio nikasikia kwa mdomo yangu mwenyewe: ulimi nzito, taya imelegea. Mtu anacheza hawezi toa hiyo sauti. Nimekaa na watu wakikata roho, hiyo naijua.

Nikamwita. Nikasikia maji tu. Nikachukua mchi.

Alikuwa chini kwa simiti, maji moto ikimpiga kifua mpaka ngozi imeiva. Nikafunga mtungi ya gesi, nikamshika miguu, nikamburuta mpaka nje uchi kama gunia ya makaa, kichwa ikigonga kizingiti. Nikamchapa makofi mpaka mkono ikaniuma. Akatapikia leso yangu. Sijawahi furahia matapishi hivyo.

Kijana akampeleka hospitali huko Hurlingham na gari ya jirani. Akarudi saa nane, bibi yake akiwa bado kwa mashine ya hewa, na kijana alikuwa ameita fundi kwa simu, kwa sababu daktari alisema ni sumu ya hita. Fundi akaingia na begi ya vyuma, anasalimia. Hakumaliza salamu. Kijana alimshika shingo akamgonga na ukuta ya bafu, akamgonga tena, ile pua ikapasuka damu. Mwenye ploti alikuwa kwa mlango anasema huyo mtu apigwe, ameharimbu nyumba. Halafu kijana akaokota mchi yangu.

Nikaona maiti na jela kwa siku moja. Nikapanda stuli, nikang'oa blanketi, nikaitupa katikati yao.

"Wacha huyo. Ni mimi niliziba."

Mchi ikabaki juu. Kijana yangu akaniangalia, na ndio mara ya kwanza nimemwogopa tangu nimzae. Halafu akageuka, akapiga hita. Akaipiga mpaka ikawa mabati. Fundi alikuwa amekaa chini anapangusa pua na blanketi yangu. Akasema pole pole, "Si nilikuambia, Shosho." Hiyo sikuiga.

Msichana alirudi baada ya siku nne, na kidonda ya kuungua kwa kifua. Siku hizi hita ingine iko nje, imefungiwa kwa kizimba ya vyuma kama kuku, na ni huyo huyo fundi aliiweka. Mimi siiamini. Akioga lazima aimbe. Akinyamaza kidogo tu napiga mlango na mchi. Ananitusi kutoka huko ndani, na mimi namrudishia hayo matusi na sauti yake, neno kwa neno.