Mahali Patupu pa Ubeti wa Tatu

Bairbre Ní Ghaora hakuwa mtu wa kujitokeza. Siku tano kwa juma alisimama kwenye mashine ya kusaga mwani, kofia ya wavu kichwani, masikio yamezibwa, na jioni alirudi kwa shangazi yake Neansa akinuka bahari iliyokaushwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mume hana, mtoto hana, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika kwa hilo. Alichokuwa nacho ni wimbo mmoja.

Nyimbo nyingine alizijua pia. Nani huku Conamara, magharibi mwa Ireland, asiyezijua? Lakini wimbo wa Sibéal ulikuwa wake. Aliupata kwa Neansa, na Neansa aliupata kwa bibi yake, Sibéal mwenyewe, aliyeutunga. Bairbre akiwa chumbani hakuna aliyethubutu kuuanza. Walimgeukia wakamngoja, kwa sababu wimbo una mwenyewe hata kama kila mtu anaujua. Naye hakuutoa ovyo. Mara moja kwa mwaka, pengine mbili.

Uliimbwa mkavu, bila ala, bila pigo la kuhesabu. Mwimbaji hufumba macho, na jirani aliyeketi karibu humshika mkono akauzungusha polepole, kama mtu anayeteka maji kwa gurudumu, ili huko anakokwenda asiende peke yake. Mshika mkono wa Bairbre alikuwa Máirtín Tom, mfuga kondoo wa nyumba ya pili, mwenye mdomo usiotulia isipokuwa wimbo ukianza.

Ubeti wa tatu ulisema hivi:

*Nilikufunga kwa kitambaa cha mfuko wa unga,*
*nikakubeba kabla jogoo hajawika,*
*na wakiniuliza njiani unaitwa nani*
*nitawaambia unaitwa*

Hapo sauti ilikatika. Mkono wa Máirtín ulisimama hewani. Zikapita pumzi tatu, nne, kisha ubeti wa nne ukaanza.

Sibéal alizaa mtoto aliyekufa kabla padri hajafika. Asiyebatizwa hakulazwa pamoja na Wakristo. Ndiyo ilikuwa sheria, na watu wazima wenye akili zao waliisimamia, wakaenda zao kula. Sibéal akambeba mwenyewe hadi kwenye kile kipande cha mawe juu ya ufuko, nje ya ukuta wa makaburi, akamfukia kati ya watoto wa wenzake. Bila ubatizo hakuna jina. Alichoweza kumpa ni nafasi ndani ya wimbo, na akaagiza nafasi hiyo isijazwe na mtu. Neansa alimweleza Bairbre habari hizo mara moja tu, wakianika nguo, na hawakuzirudia. Huku kwetu watu hurithishana aibu ya namna hiyo kwa kunyamaza.

Jumapili moja mchana, baada ya Misa, Bairbre aliuimba wimbo huo kwenye baa. Alipofumbua macho alimkuta msichana amesimama mbele yake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Bairbre Phádraig, sitaki kukusumbua," alisema, akimwita kwa jina la baba yake kama wenyeji wafanyavyo.

"Umeshanisumbua. Kaa."

Aliitwa Líadan. Alikuwa akisoma chuo Galway, na baba yake alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Neansa. Yeye na wenzake watano walikuwa na kundi, wakiliita Sauti Sita.

"Hatupigi gitaa wala fidla," alisema. "Midomo tu. Tunachukua nyimbo za zamani tunazipanga, sauti juu ya sauti. Tungependa na huu wako, ukikubali."

"Watu sita kwa wimbo mmoja?" Máirtín aliuliza. "Kwani wimbo ni jeneza?"

Baa nzima ikacheka, na Líadan naye akacheka huku masikio yamemwiva kwa haya. Bairbre alimpenda palepale. Katika maisha yake watu walimwomba azibe zamu, achunge wagonjwa, aoshe vikombe baada ya matanga. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu alichokuwa nacho yeye peke yake. Wakaenda kuketi ndani ya gari la Líadan, mvua ikipiga kioo, akaimba mbele ya simu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baada ya majuma mawili simu iliita kiwandani. Msimamizi alimpungia mkono, naye akaipokea kwenye korido, wenzake wanne wakila mikate yao hatua mbili kutoka hapo.

"Bairbre, samahani," Líadan alisema. "Ubeti wa tatu. Kuna mahali unanyamaza. Ni neno umelisahau, au halipo?"

Angeweza kumwambia. Ilihitaji dakika moja. Lakini kulisema lile jambo kwenye simu, mbele ya watu wanaotafuna, lingetoka kwa sauti gani? Uso ulimwaka moto.

"Aa, hapo?" alisema. "Hapo navuta pumzi tu."

"Basi tukiweka kitu hapo haitakuwa vibaya? Pakibaki hivyo, watu watadhani tumesahau."

"Wekeni tu mnavyoona."

Mdomo huponza kichwa, lakini wake ulimponza mtoto aliyekwisha kufa miaka mia na ushee.

Sauti Sita waliweka neno moja. *Kipenzi.* Waliliimba mara tatu, kila mara sauti moja ikipanda na nyingine ikishuka, huku mvulana mwenye sauti nzito akinguruma chini yake kama injini ya mashua iliyo mbali. Bairbre aliposikia mara ya kwanza, kwenye simu ya mwenzake kiwandani, ngozi ilimsisimka. Tusimsingizie kwamba alichukia. Ulikuwa uzuri mtupu. Aliomba wauweke tena, na tena, na wenzake wakampiga mabegani wakimwita nyota.

Kipindi cha Krismasi redio ilikuwa ikiupiga asubuhi na jioni. Shule zikaufundisha. Kwaya za Dublin zikaupanga upya kwa watu arobaini. Mtu akalirefusha lile *kipenzi* hadi mara tisa, wengine wakauimba harusini.

"Siku hizi redio inakusalimia kabla yetu," Máirtín alimtania. "Tukupigie magoti?"

"Nipigie mswaki kwanza, unanuka kondoo."

Lakini Neansa hakutania. Alikuwa na miaka themanini na tisa, anaketi kando ya jiko siku nzima, na aliposikia wimbo wa bibi yake ukitoka redioni aliinua kidole Bairbre asiseme kitu. *Kipenzi, kipenzi, kipenzi.* Wimbo ukaisha, mtangazaji akasoma habari za hali ya hewa.

"Nani kawapa?"

"Mimi, shangazi."

"Na pale?"

Bairbre alikuwa ameshika sufuria ya viazi, akaendelea kuishika.

"Walikuuliza?"

"Waliuliza."

Neansa alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomuuma Bairbre.

"Siku yangu ikifika, mwanangu, utauimba kaburini," alisema. "Na pale uniachie patupu. Bibi aliniachia mimi. Nitakwenda kumwambia nini nikimkuta?"

"Nakuahidi."

Tangu siku hiyo Bairbre hakuwa na shughuli nyingine moyoni. Alimpigia Líadan, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akayatamka yale maneno: mtoto, kitambaa cha unga, mawe ya juu ya ufuko.

"Kwa nini hukuniambia?" Líadan aliuliza, analia.

"Kwa sababu hatusemi."

Msichana alikuwa na moyo. Aliandika maelezo, bila kutaja ukoo wa mtu, na maonyesho yaliyofuata Sauti Sita walinyamaza pale. Jumapili akaja mwenyewe hadi nyumbani, akaketi ukingoni mwa kiti, kikombe cha chai kikimpoa mkononi.

"Tulinyamaza, Bairbre. Tuliwaeleza kabisa kabla ya kuanza. Ukumbi mzima, watu mia nne. Tukafika pale tukanyamaza, na wao wakaimba. Kwa sauti nzuri mno. Walidhani tunawapa nafasi yao."

"Uliwakataza?"

"Ningewakatazaje? Walikuwa wanatabasamu."

Ndivyo ulivyo ugonjwa usio na adui. Mwizi unamkimbiza, tajiri unamshitaki, serikali unaiandamania. Watu mia nne wanaotabasamu utawafanya nini?

Neansa alifariki Februari, mwaka wa tatu tangu wimbo uingie redioni, mchana, mkono wake ndani ya mkono wa Bairbre. Kwa siku mbili nyumba ilijaa watu na sahani za mikate ya nyama. Wanaume wa kijiji walichimba kaburi wenyewe, kama kawaida, Máirtín akiwa wa kwanza kushika koleo. Bairbre alijifungia ndani ya gari nyuma ya nyumba, akajaribu wimbo kwa sauti ya chini. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Wa tatu ulipofika ukingoni akafunga mdomo, lakini koo lake mwenyewe likacheza. Alilisikia lile *kipenzi* ndani ya kichwa chake, sauti sita, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Akaanza tena, likaja tena. Mara ya nne alipiga usukani kwa ngumi, na honi ikalia, watu wakatoka mlangoni kutazama.

Akamwita Máirtín.

"Kesho, ubeti wa tatu, mkono usimame kama zamani. Usizunguke hata watu wakiuvuta kwa sauti zao."

"Mwanamke, nimekushika mkono miaka ishirini. Leo unanifundisha?"

"Nakuomba."

Máirtín aliacha mzaha. "Utasimama," alisema.

Kaburini upepo ulitoka magharibi na kuyapeperusha mavazi ya padri. Sala ilipokwisha, Bairbre alisogea mbele. Zaidi ya watu mia mbili walikuwepo, na Líadan nyuma kabisa, karibu na ukuta. Kutoka pale aliposimama Bairbre aliyaona yale mawe madogo, ng'ambo ya ukuta, majani yakilala na upepo.

"Nawaomba jambo moja," aliwaambia. "Mniachie niuimbe peke yangu. Ndivyo Neansa alivyotaka."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Máirtín akamshika mkono, akaanza kuuzungusha.

Na kweli walimwachia. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama ulivyokwenda kwa Neansa jikoni. "Mungu akutie nguvu," mzee mmoja alisema chini chini. Wa pili ukaja na kutetemeka kidogo, kwa sababu jeneza lilikuwa pale na jina lilikuwa juu yake. Akaingia wa tatu. Kitambaa cha unga. Jogoo. Njiani. *Nitawaambia unaitwa.*

Akanyamaza. Mkono wa Máirtín ukasimama.

Pumzi ya kwanza ilipita, na ilikuwa tupu kabisa. Pumzi ya pili nayo.

Kuna desturi nyingine huku kwetu, kongwe kama ile ya mkono. Mwimbaji akizidiwa, sauti ikimkatikia mbele za watu, hawamwachi amesimama na aibu yake. Wanauokota wimbo pale ulipoanguka na kumbebea mpaka apate nguvu. Watu mia mbili walimwona mwanamke aliyefumba macho, machozi yakimtoka, amenyamaza katikati ya mstari mbele ya jeneza la aliyemlea. Wangeona nini kingine? Hata wazee waliowahi kusikia kimya kile cha zamani walikuwa wameshausikia wimbo wa redio mara elfu.

Gobnait, mwalimu wa shule, ndiye aliyeanza, taratibu, kwa huruma. *Kipenzi.* Mara ya pili walikuwa thelathini. Mara ya tatu walikuwa wote, wanaume chini na wanawake juu, wamejipanga bila kupangwa, na ilikuwa nzuri kuliko Sauti Sita walivyowahi kuimba. Bairbre hakufumbua macho. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele nayo ingejaza. Kisha akausikia mkono wake ukianza kuzunguka ndani ya mkono wa Máirtín, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu.

Akaimba ubeti wa nne. Ungemtaka afanye nini?

Baadaye ukumbini kulikuwa na chai na mikate, na kila mtu alipita kumpa mkono. "Pole kwa msiba. Pole, Bairbre." Gobnait alimkumbatia hadi kofia yake ikamwanguka.

"Pale uliposhindwa," alimnong'oneza, "tulikubeba. Uliona? Hakuna aliyekuacha peke yako."

"Niliona," Bairbre alisema. "Asanteni."

Líadan alisimama mlangoni na hakuingia. Alitikisa kichwa mara moja: yeye hakuimba. Bairbre naye akamwitikia kwa kichwa, kisha watu wakapita katikati yao.

Máirtín alikuja wa mwisho, kofia mkononi, udongo wa kaburi bado kwenye kucha. Alikaa kando yake bila mzaha wowote.

"Niliusimamisha mkono," alisema. "Nakuapia niliusimamisha. Ukazunguka wenyewe."

"Najua."

"Sijui ulianzaje."

"Najua, Máirtín. Kunywa chai, itapoa."